Msimu wa vimbunga 2018–2019 (Idai, Kenneth na wenzao): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kimbunga kikitajwa kusini mwa Bahari ya Hindi, maswali yanayorudi ni yaleyale, na mengi yanahusu ule msimu wa 2018/2019. Watu wanachanganya Idai na Kenneth, wengine wanaamini Mtwara ilipigwa, wengine wanasema pwani yetu haiwezi kupigwa kabisa. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale magumu. Ukiona jibu moja linakupeleka kwenye lingine, nenda kalisome, sijataka kurudia kitu kilekile mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

Huu msimu ulianza lini na ukaisha lini?

Kwa kalenda, msimu wa vimbunga wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi unaanza Novemba 15 na kuisha Aprili 30, ila Morisi na Shelisheli wao wanaongezewa hadi Mei 15. Hiyo ni kalenda tu, bahari haisomi kalenda. Alcide, dhoruba ya kwanza kupewa jina msimu ule, ilitokea mwanzoni mwa Novemba 2018 kabla hata msimu haujafunguliwa, na Lorna, ya mwisho, ilikuwa bado inazunguka huko mbali mashariki Mei 2019 ilipoingia.

Vimbunga vilikuwa vingapi, na majina yake?

Zilizopewa majina ni 14: Alcide, Bouchra, Kenanga, Cilida, Desmond, Eketsang, Funani, Gelena, Haleh, Idai, Savannah, Joaninha, Kenneth na Lorna. Kati ya hizo 10 zilifika daraja la kimbunga kikali, idadi ambayo haikuwahi kuonekana huku tangu kumbukumbu za kuaminika zianze mwaka 1967.

Nyingi kati ya hizo hujawahi kuzisikia kwa sababu ziliishia baharini. Haleh kwa mfano ilikuwa na nguvu kubwa ila haikumgusa mtu. Gelena (Februari) na Joaninha (Machi) ziliwasumbua sana watu wa kisiwa cha Rodrigues. Desmond ndo ya kuangalia vizuri, maana ilikuwa dhaifu, iliingia Msumbiji mwezi Januari na kujaza maji mitaa ya Beira miezi miwili kabla ya Idai. Yaani mji ulikuwa umeshaloa tayari.

Mbona Kenanga iko kabla ya Cilida wakati majina yanafuata alfabeti?

Kwa sababu Kenanga haikuzaliwa kwetu, ilipewa jina na Indonesia ikiwa upande wao, alafu ikavuka mstari wa longitudo wa nyuzi 90 mashariki na kuingia eneo letu ikiwa na jina lake tayari. Savannah nayo hivyohivyo, jina lake ni la Australia. Kimbunga kikivuka mpaka hakibatizwi upya.

Nani anatoa majina na nani anaangalia hivi vimbunga?

Kituo kikuu cha kufuatilia kiko kisiwa cha Reunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Majina yenyewe yanatolewa kutegemea dhoruba ilipokuwa wakati inapata nguvu, upande wa magharibi wa nyuzi 55 ni Madagaska, mashariki yake ni Morisi. Orodha ya majina inatokana na nchi wanachama, na Tanzania, Kenya na Komoro zimo. Jina likitumika mara moja linatolewa na kuwekwa lingine, kwa hiyo hakutakuwa na Idai nyingine.

Madaraja yanapimwaje?

Kwa upepo. Upepo wa kudumu ukifika kilomita 63 kwa saa ndo inakuwa dhoruba na inapata jina. Ukifika 118 ni kimbunga. Ukipita 165 ni kimbunga kikali, na juu ya hapo kuna kikali sana. Vile vya Marekani na Karibiani ni jambo lilelile, tofauti wao wanapima wastani wa upepo wa dakika 1 na huku tunapima wa dakika 10, ndo maana unakuta kimbunga kimoja kina namba mbili kwenye habari na watu wanabishana bure.

Sasa shika hili: daraja linapima upepo. Halipimi mvua, halipimi bahari itapanda kiasi gani, halipimi kama unakaa bondeni. Msimu huu wote unaeleweka vizuri zaidi ukishaliona hilo.

## Idai

Idai ilipita wapi hasa? Mbona wengine wanasema ilianza Machi 4 na wengine Machi 14?

Wote wako sahihi. Machi 4, 2019 ilianza kama mkandamizo mdogo wa hewa kwenye mlango bahari wa Msumbiji, ikaingia nchi kavu bado ikiwa dhaifu na haina hata jina, ikamwaga mvua kubwa katikati ya Msumbiji na kusini mwa Malawi kwa siku kadhaa. Malawi walikufa watu 60 wakati huo, kule Chikwawa, Nsanje na wilaya za jirani, na karibu watu milioni moja waliathirika. Dunia haikushtuka.

Alafu ikageuka, ikarudi baharini. Yale maji ya moto ya mlango bahari yakaipa nguvu upya, ikapewa jina, ikapanda hadi upepo wa kilomita 195 kwa saa, ikageuza uso kurudi magharibi, na usiku wa Alhamisi Machi 14 kuamkia Ijumaa 15 ikaipiga Beira. Baada ya hapo ilidhoofika lakini ikasonga na mvua yake mpaka mashariki mwa Zimbabwe. Nchi moja ilipigwa mara mbili na dhoruba ileile, mwanzo na mwisho.

Kwa nini Beira iliumia vile?

Beira imejengwa mdomoni mwa mto Pungwe, kwenye ardhi ya chini kabisa, sehemu nyingine iko chini ya usawa wa bahari inapojaa. Una watu kama nusu milioni, bandari, na mitaa mingi ya nyumba za mabati kwenye maeneo ya tope. Meya wake wa wakati ule, Daviz Simango, alikuwa injinia na manispaa yake ilikuwa imeshaanza kazi ya kuufufua mto Chiveve unaopita katikati ya mji ili maji yapate njia ya kutoka, na kazi ile ilisaidia kwenye mvua za kawaida. Lakini Idai ilikuja na upepo uliong'oa mabati, bahari ikapanda, na mvua ikashuka kwa pamoja. Umeme ukakatika, simu zikakatika, barabara ya N6 inayounganisha mji na bara ikakatwa na maji. Kwa siku mbili tatu Beira ilikuwa kimya kwa dunia. Uwanja wa ndege ndo ukaja kuwa makao ya uokoaji wote.

Upepo ulipita usiku mmoja. Mbona watu waliendelea kufa siku za baadaye?

Hili ndo swali ambalo natamani kila mtu wa pwani alijue jibu lake.

Mvua ya Idai ilipofika milima ya mpakani mwa Zimbabwe na Msumbiji ilimwagika huko juu. Maji ya kule yanashuka kwa mito miwili, Pungwe na Buzi, yote inaishia pembeni ya Beira. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi upepo umetulia, watu wanatoka kuangalia paa liko wapi, wanaanika magodoro, wanadhani yamekwisha, na huku nyuma yao mito inajaa. Kufikia Jumapili na Jumatatu bonde zima lilikuwa limegeuka bahari. Picha za satelaiti zilionyesha ziwa la urefu wa zaidi ya kilomita 100 mahali palipokuwa na mashamba na vijiji. Watu walikaa juu ya mapaa na juu ya miembe, wengine kwa siku kadhaa, mama ana mtoto mgongoni na chini maji yanapita, wakisubiri mtumbwi au helikopta. Mji wa Buzi ulizama karibu wote.

Rais Filipe Nyusi aliruka juu ya eneo lile na Machi 18 akasema waliokufa wanaweza kupita 1,000. Kwa Msumbiji peke yake hesabu rasmi iliishia kwenye 600 na kidogo, ila ukiongeza Zimbabwe na Malawi kauli yake ilitimia.

Zimbabwe iko mbali na bahari, ilipigwaje?

Kwa milima yake. Wilaya za Chimanimani na Chipinge ziko kwenye miinuko ya mashariki, na hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mlima inaangusha mvua yote hapo. Usiku wa Machi 15 miteremko ilianza kuporomoka, udongo na mawe makubwa ukubwa wa gari yakashuka juu ya nyumba za watu waliolala. Mtaa wa Ngangu ulipigwa hivyo. Kopa, pale mito ya Rusitu na Nyahode inapokutana, makazi yalisombwa pamoja na kambi ya polisi. Shule ya St Charles Lwanga mawe yaliingia hadi bwenini, wakafa wanafunzi wawili na mlinzi, na wenzao ikabidi watembee kwa miguu kutoka mlimani maana barabara na madaraja hayakuwepo tena.

Waliokufa ni zaidi ya 300 na mamia wengine hawakuonekana. Wengine miili yao ilibebwa na mito mpaka upande wa Msumbiji na kuzikwa huko na wanakijiji wasiowajua. Kwa familia zile hakuna kaburi la kwenda kusoma dua, na hiyo hasara haimo kwenye jedwali lolote la takwimu.

Kipindupindu kilitokea kweli?

Kilitokea. Kilitangazwa Beira mwisho wa Machi, na wagonjwa walipita 6,000. Lakini waliokufa kwa kipindupindu walikuwa 8. Chanjo ya matone, karibu dozi 900,000, ilifika haraka na kampeni ikaanza Aprili 3, na vituo vya matibabu vilifunguliwa mapema. Watu wanapenda kusema misaada huwa haifanyi kitu. Hapa ilifanya.

Nani alisaidia? Tanzania ilifanya nini?

Waokoaji wa Afrika Kusini walifika mapema sana, meli za jeshi la wanamaji la India zilizokuwa karibu zikageuza njia, wavuvi na wenye mitumbwi wa palepale wakaokoa watu ambao hakuna anayewahesabu. Tanzania ilipeleka dawa na chakula kwa nchi zote tatu.

Upande wa fedha kuna jambo lilinikera na bado linanikera: Aprili 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji dola milioni 118 kama mkopo wa dharura. Mkopo, hata ukiwa hauna riba. Nchi ambayo mchango wake kwenye kuchafua hewa ya dunia ni mdogo kabisa inakopa ili ijenge upya kilichobomolewa.

## Kenneth

Kenneth na Idai si ni kimbunga kimoja?

Hapana. Vimepishana wiki sita. Idai ni Machi, katikati ya Msumbiji. Kenneth ni Aprili, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema hakuna kumbukumbu ya vimbunga viwili vyenye nguvu namna ile kuipiga Msumbiji ndani ya msimu mmoja.

Kenneth ilipita njia gani?

Ilizaliwa kaskazini mwa Madagaska. Hiyo ndo siri yake, kwa kawaida Madagaska inatukinga, vimbunga vingi vinagonga ubavu wake wa mashariki au vinapinda kwenda kusini. Kinachopita juu ya ncha yake ya kaskazini hakikutani na kizuizi. Usiku wa Aprili 24 ikapita jirani kabisa na kaskazini mwa Ngazija, Komoro wakapoteza watu kadhaa pamoja na migomba na minazi mingi ambayo ndo chakula na biashara yao. Ikapanda hadi kilomita 215 kwa saa, na jioni ya Alhamisi Aprili 25 ikatua pwani ya Cabo Delgado kaskazini ya Pemba ya Msumbiji (sio Pemba yetu, hili nalo linachanganya watu kila mara).

Kisiwa cha Ibo, Quissanga na Macomia ndo vilivyobomolewa zaidi. Ibo karibu nyumba zote ziliharibika. Hawa ni Wamwani, ndugu zetu wa lugha na dini na biashara ya jahazi tangu enzi, ukimsikiliza Mmwani akiongea polepole unamwelewa nusu nzima bila mkalimani. Ndo maana nasema Kenneth haikuwa ya watu wa mbali.

Mbona Kenneth ilikuwa na nguvu kuliko Idai lakini vifo vilikuwa vichache?

Kenneth iliua kama watu 45 Msumbiji, Idai zaidi ya 600. Sababu ni kadhaa. Ilitua sehemu yenye watu wachache, sio kwenye mji wa nusu milioni. Haikuwa na bonde kubwa la mito miwili nyuma yake, ingawa mvua iliyobaki ilijaza mitaa ya Pemba maji siku tatu baadaye. Na mamlaka zilikuwa na Idai kichwani, safari hii watu kama 30,000 walihamishwa kabla haijafika.

Ila usichukue hiyo kama habari njema kwa Cabo Delgado. Pale palikuwa na mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha tangu Oktoba 2017, kwa hiyo mtu aliyepoteza nyumba kwa upepo alikuwa anaogopa hata kwenda kulala porini, na malori ya chakula yalikuwa yanaogopa barabara.

Mtwara ilipigwa au haikupigwa?

Haikupigwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kwa Mtwara, Lindi na Ruvuma, na ile Alhamisi, kesho yake ni sikukuu ya Muungano, Mtwara shule na ofisi zilifungwa na watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Kenneth ikatua kama kilomita 200 kusini. Tulipata upepo na mvua basi.

Baadaye maneno yakawa mengi, eti wametutisha bure. Mimi siwezi kukubaliana na hilo hata kidogo. Njia ya kimbunga ikihama kilomita 200 hilo ni jambo dogo sana baharini, na tahadhari ya siku mbili kabla haiwezi kujua kwa uhakika kama ni Msimbati ya Mtwara au Macomia ya Msumbiji. Kama wangenyamaza na kikapinda, leo tungekuwa tunaongea mengine.

## Athari zilizofika kwetu bila kimbunga kufika

Ni kweli Idai ilichelewesha masika ya 2019?

Ndio, na wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya walilisema wazi wakati ule. Kimbunga kikubwa kikikaa mlango bahari wa Msumbiji kinavuta hewa yenye unyevu kutoka pande zote, na ule unyevu ndo ungekuja kutunyeshea mwezi Machi. Wakulima walioandaa mashamba wakasubiri, jua likawa linawaka hadi Aprili imeenda. Hii usiichanganye na mafuriko ya mwisho wa 2019, yale yalitokana na bahari ya upande wetu kuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na ni habari nyingine kabisa.

Umeme wa Afrika Kusini ulikatika kwa sababu ya Idai?

Idai ilichangia. Nyaya zinazoleta umeme kutoka bwawa la Cahora Bassa ziliangushwa, na Afrika Kusini ambayo tayari ilikuwa na upungufu ikaongeza makali ya mgao.

## Maswali magumu

Kwa hiyo pwani ya Tanzania inaweza kupigwa? Na Kenya?

Tanzania ndio, kwa nadra. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu mingi ikang'olewa, majahazi na meli za Sultani Barghash zikaharibika bandarini, Pemba ikasalimika na ndo ikachukua nafasi ya kwanza kwenye karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia ikiwa imeshapungua nguvu. Angalia miezi: Aprili, Aprili, Mei, na Kenneth nayo Aprili. Kwa pwani yetu hatari inakuja msimu ukiwa unaisha, wakati watu wanadhani umepita.

Kenya iko karibu mno na ikweta. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisukume kianze kuzunguka, na ndani ya nyuzi 5 hivi za ikweta msukumo huo ni mdogo mno. Mvua ya pembeni wanaweza kuipata, jicho lenyewe, yaani kitovu cha kimbunga, ni vigumu sana.

Mabadiliko ya tabianchi ndo yaliyoleta Idai?

Kimbunga kimoja huwezi kukikamata na kusema wewe umeletwa na fulani. Vinavyojulikana ni hivi: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inabeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo dhoruba ileile inashusha mvua nyingi zaidi, na usawa wa bahari ukiwa juu maji yanayosukumwa na upepo yanaingia mbali zaidi. Kwa mji kama Beira hizo sentimita zina maana (rudi kwenye swali la Beira).

Upepo ukitulia ghafla katikati ya kimbunga, nitoke?

Usitoke. Hilo linaweza kuwa jicho. Ndani ya jicho kunatulia, hata nyota unaweza kuziona, alafu ukuta wa upande wa pili unafika na upepo unavuma kutoka upande wa kinyume. Mabati na matawi yaliyolegezwa na upepo wa kwanza ndo yanaruka na wa pili. Ngalawa na mashua zivutwe juu mapema, sio wakati huo. Na kama unakaa bondeni au mdomoni mwa mto, upepo ukiisha kabisa bado usirudi, soma jibu la mito kwenye sehemu ya Idai uelewe kwa nini.

Waliohamishwa baada ya Idai walirudi kwao?

Wengi hawakurudi, walipewa viwanja kwenye makazi mapya sehemu za juu, kama Mutua wilaya ya Dondo na Guara Guara wilaya ya Buzi. Walianza na mahema ya turubai, kidogo kidogo wakajenga. Shida ni kwamba mashamba yao yenye rutuba yalibaki kule chini bondeni, kwa hiyo mtu analala juu na kulima chini, anatembea masaa. Januari 2021 kimbunga Eloise kikapiga eneo lilelile la Beira na Buzi, na turubai nyingi za kwenye makazi yale mapya zikachanwa, watu ambao walikuwa bado hawajamaliza kujenga baada ya Idai wakaanza tena kutafuta miti na mabati.